Tahadhari: seti ya visu vya "wawindaji" inayozungushwa Mombasa kabla ya Idi

Kuna tangazo linalozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp na Facebook ya Mombasa, hasa Idi ya kuchinja inapokaribia. Ni seti ya visu sita vya "wawindaji" ndani ya mkoba wa ngozi, bapa zina mawimbi mawimbi, na nyuma ya picha kuna swala aliyening'inizwa mtini. Bei ya Sh 9,000 imekatwa mstari, chini yake Sh 3,800, na maneno "zimebaki seti nne". Zimebaki seti nne kila siku. Kama unatafuta kisu cha kuchinjia na kuchunia mbuzi nyumbani, usitume pesa kabla ya kusoma haya.

Kwanza hilo jina. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977, na sheria ya 2013 inamtia hatiani hata mtu aliyekutwa na nyama tu jikoni. Kwa hivyo mtu wa Kisauni au Likoni anayeuziwa "kisu cha kuchunia swala" anauziwa picha. Wenzetu wa Tanzania wana mabucha ya nyamapori yenye leseni, na huko visu vya namna hii vina kazi yake halali. Ila kwa kisu chenyewe tofauti ni ndogo: swala na mbuzi hufunguliwa kwa njia moja, viungo viko mahali pale pale, na ngozi zote mbili zimejaa mchanga na nywele zinazokula makali. Kisu kisichomudu mbuzi hakimudu swala.

Mawimbi ndiyo chambo: yanamfanya mnunuzi adhani ni chuma cha Damascus. Chuma cha Damascus kinachouzwa siku hizi hufuliwa kwa kukunja pamoja vyuma viwili tofauti, kisha bapa hutiwa asidi. Chuma kimoja hugeuka cheusi, kingine hubaki cheupe. Kwa kuwa tabaka zimepita ndani, mistari huonekana hata juu ya mgongo wa kisu. Kwenye seti hii mgongo ni mweupe tupu, maana mawimbi yamechorwa usoni tu kwa leza. Linganisha pia visu viwili kwenye picha zao: mchoro ni ule ule, tone kwa tone. Chuma kilichofuliwa hakitoi michoro miwili inayofanana hivyo. Ukiwa nacho mkononi, sugua sehemu ndogo karibu na mpini kwa msasa laini namba 1000 wenye maji. Mawimbi ya leza hufutika yakaisha. Ya kweli hufifia, lakini ukipaka siki au ndimu na kuacha kwa dakika kadhaa, huanza kurudi.

Hata hivyo mawimbi ni pambo. Damascus ya kweli iliyopashwa vibaya inaweza kuwa kisu kibovu, na kisu cheupe kisicho na urembo wowote kikawa ndicho bora bucha nzima. Kinachoamua ni ugumu wa chuma. Visu vya kazi vya bucha huwa kati ya 54 na 58 kwa kipimo cha Rockwell: vigumu kiasi cha kushika makali, laini kiasi cha kunoleka kwa dakika chache bila kumeguka. Muuzaji mkweli atakutajia aina ya chuma, kwa mfano X50CrMoV15 ambacho viwanda vingi vya Ujerumani hutumia. Seti hii imepigwa chapa ya "Germany Steel", maneno ambayo mtu yeyote mwenye mashine ya kuchora anaweza kuyaandika. Usiyachanganye na jina Solingen, mji ambao jina lake limelindwa kwa sheria ya Ujerumani tangu 1938 kwa visu vinavyotengenezwa huko.

Video ya kukata karatasi haithibitishi kitu. Hata bati ukilinoa vizuri litakata karatasi mara moja mbili. Jaribio la kweli ni kamba ya katani, ile nene ya kufungia mizigo. Kata vipande ishirini juu ya ubao, kisha jaribu nyanya iliyoiva bila kukandamiza. Kisu kizuri bado kitaingia kwenye ganda. Kisu laini kitateleza, na ukikitazama kwenye mwanga utaona mstari mweupe unaong'aa kwenye makali: hapo ndipo yamelala upande. Kwenye mbuzi mambo huharibika vivyo hivyo kabla hujamaliza mguu wa pili, mtu huanza kukandamiza, na kisu kinachokandamizwa ndicho kinachoteleza na kuingia mkononi.

Muuzaji huyu pia hupenda kuonyesha sumaku ikinata, eti ndiyo dalili ya chuma bora. Sumaku hunata hata kwenye msumari. Ina faida moja tu: ikiwa HAINATI kabisa, kiache hapo hapo, maana kwa kawaida hicho ni chuma cha sufuria na vijiko, ambacho hakigeuki kigumu hata ukikitia motoni.

Mpini ndio wa hatari kuliko yote. Kwenye kisu cha kazi ulimi wa bapa huingia ndani ya mpini mpaka mwisho au karibu na mwisho. Kwenye seti hii ulimi ni mfupi kama kidole gumba, umeshikwa kwa gundi, na vile vichwa vitatu vya ribiti unavyoviona vimebandikwa juu bila kupita upande wa pili. Vitazame pande zote mbili: kama havikai sawasawa, ni vya bandia. Gonga mpini juu ya meza, sauti ya uwazi ikutoshe. Anayekata kiungo cha paja huzungusha kisu kidogo ili kufungua mfupa, na hapo ndipo mpini hukatika. Hata usipokatika, nyufa zake hunywa damu na shahamu, na kwa joto letu la pwani siku ya tatu utausikia harufu. Mti mzuri una sifa zake, lakini kwa unyevu wa Mombasa mpini wa plastiki ngumu uliomiminwa moja kwa moja juu ya ulimi hauna mpinzani.

Vilivyobaki havistahili maneno mengi. Kile chenye ndoana mgongoni cha kupasulia tumbo hakinoleki kwa kinoo cha kawaida. Vidole viwili chini ya ngozi na makali yakitazama juu vinatosha kulinda utumbo. Kile kipana cha "mifupa" ni chembamba mno, kitapata mapengo kwenye uti wa mgongo. Chuma cha kunolea ni bomba lililopakwa rangi ya fedha, laini kuliko kisu chenyewe.

Mtu wa nyumbani anahitaji visu vitatu. Cha kuchinjia, bapa iliyonyooka ya sentimita 18 hadi 20 kwa mbuzi, isiyo na pengo hata moja. Cha kuchunia, sentimita 13 hadi 15, chenye tumbo lililopinda na ncha isiyo kali sana ili kisitoboe ngozi. Cha kutolea mifupa, urefu huo huo, chembamba. Ongeza kinoo chenye pande mbili, namba 400 ya kukwaruza na 1000 ya kulainisha, na unoe kwa pembe ya digrii 20 hivi kila upande. Mifupa usiipige bure: mkono wa mbele wa mbuzi umeshikwa kwa misuli tu, hauna kiungo na mwili, kwa hivyo kisu kidogo kinautoa wote bila kugusa mfupa. Paja fungua kwenye tufe la nyonga. Panga au msumeno ubaki wa uti wa mgongo.

Nunua mahali unapoweza kukishika. Maduka ya vyombo karibu na Marikiti na Kongowea yana visu vya kawaida visivyo na mbwembwe. Wahunzi wanaofua springi za gari nao hutoa visu vizuri, mradi waulizwe kama wamezimisha chuma kwenye oili na kukipasha tena. Ukiona rangi ya buluu kwenye makali, mashine ya kusagia ilikichoma na ugumu umeondoka. Chuma cha springi hushika kutu haraka kwa hewa ya bahari. Kikaushe na ukipake mafuta ya nazi kidogo.

Kama bado unashawishika na tangazo, mwambie muuzaji akupigie video ya mgongo wa kisu na kitako cha mpini. Huyu hutuma tena picha ile ile, kisha hudai "pesa ya kushikilia" kwenye namba ya mtu binafsi badala ya till (namba ya malipo ya biashara), na mzigo huletwa na bodaboda asiyeruhusu ufunguliwe kabla ya kulipwa. Lipa baada ya kufungua, au usilipe.

Aliyekwisha kutuma apeleke ujumbe wa M-Pesa kwenda 456 mara moja. Pesa ikishatolewa, kuirudisha ni shida. Namba ya tapeli iripotiwe 333, na polisi wakupe namba ya OB (daftari lao la matukio). Sheria ya Kenya ya kumlinda mtumiaji ya 2012 inakataza kudanganya kuhusu ubora wa bidhaa, kwa hivyo hifadhi tangazo lenyewe na mazungumzo yote kabla hayajafutwa. Na kisu kipige picha kabla ya kukigusa kwa kinoo au msasa, maana jibu la kwanza la muuzaji huwa kwamba wewe ndiye uliyekiharibu.