Volvo 940 Turbo: Tathmini ya Gari la Kwanza la Kufufua na Kuongeza Nguvu

Anayetafuta gari la zamani lenye turbo (feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kusukuma hewa zaidi kwenye silinda) ili alifumue na kulijenga upya kwa mara ya kwanza huvutwa upesi na majina yaliyovuma: Subaru Impreza WRX, Nissan Silvia, Mitsubishi Lancer Evolution. Sina ugomvi na magari hayo, ila kwa mtu anayejifunza yana tatizo moja kubwa. Mengi yamekwisha kupita mikononi mwa wamiliki kadhaa waliotaka nguvu za haraka, na kila mmoja ameacha nyuma yake waya alizoziunga, vipuri visivyolingana na kasoro zilizofunikwa. Gari ninalolitathmini hapa ni Volvo 940 Turbo, gari la pembe nne lililotengenezwa kati ya mwaka 1990 na 1998, ambalo watu wengi hulihesabu kuwa gari la familia na kulipita bila kugeuza shingo. Nimelifumua, nimelirudisha barabarani, nami nasema bila kusita kwamba ndilo ningempa mtu anayeanza. Sababu yangu kuu ni kwamba gari hili hujieleza: kasoro zake nyingi zina chanzo kinachofikika kwa mkono na kinachoweza kuthibitishwa kwa kipimo, kwa hiyo anayeitengeneza kasoro huwa ameielewa.

Uzuri huo unaanzia kwenye injini. Ile ya 940 Turbo huitwa B230FT, na ukoo wake unaanzia mwaka 1974, Volvo ilipoanza kufunga injini za aina hiyo katika gari la 240. Ukoo huohuo ndio uliolipa 240 Turbo ubingwa wa Ulaya wa mbio za magari ya kawaida mwaka 1985. B230FT ina silinda nne zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 2,316, kipenyo cha silinda cha milimita 96 na mwendo wa pistoni wa milimita 80. Bloku ni ya chuma cha kumimina, silinda hedi ni ya aluminiamu, kamshafti, yaani shafti inayofungua vali, ni moja tu na vali ni nane. Uwiano wa mgandamizo ni 8.7 kwa 1, ambao ni wa chini kwa makusudi ili turbo ipate nafasi ya kusukuma hewa bila injini kugonga, yaani mafuta kulipuka kabla ya wakati ndani ya silinda. Nguvu zilizotoka kiwandani ni takriban farasi 165, kiasi kidogo kwa injini yenye mwili wa namna hii, na hapo ndipo ilipo akiba anayoitafuta mtu wa kuongeza nguvu.

Jambo jingine katika injini hii, ambalo kwa anayeanza nalipa uzito kuliko farasi zote, ni kwamba mkanda wa taimingi, unaounganisha kranki (shafti kuu ya injini) na kamshafti, ukikatika vali hazigongani na pistoni. Gari litazima, mkanda utabadilishwa, na safari itaendelea. Katika injini ya Subaru EJ20 yenye kamshafti nne, mkanda ukikatika au ukiruka meno vali hukutana na pistoni, na kosa dogo la kupanga alama linaweza kugharimu silinda hedi mbili. Mtu anayefunga mkanda kwa mara ya kwanza maishani mwake anastahili injini inayomvumilia. Pamoja na hayo, mkanda ubadilishwe mara tu gari linaponunuliwa, hata kama muuzaji anaapa kuwa ni mpya, na baada ya hapo kila kilomita 80,000.

Nafasi ya kufanyia kazi nayo inatosha. Injini imelazwa kwa urefu, mbele ya giaboksi, na magurudumu yanayosukuma ni ya nyuma, kwa hiyo pande zote mbili za bloku zina uwazi ambao magari ya kisasa hayana. Plagi zinafikika kwa spana ya kawaida. Katika matoleo mengi, mfumo wa mafuta ni Bosch LH 2.4 na mfumo wa moto ni EZK, na ndani ya boneti kuna kisanduku kidogo chenye kitufe, taa na waya wa kuchomeka. Ukichomeka waya huo kwenye tundu linalohusika na kubonyeza kitufe, taa humweka tarakimu tatu zinazotaja kosa lililohifadhiwa. Ikimweka 1-1-1, kompyuta haina lalamiko. Hakuna mashine ya kukodi wala programu ya kununua. Anayeanza hujifunza hapo kwamba kompyuta hutaja mahali pa kuanzia kupima, na kwamba kubadilisha kipuri kwa sababu tu kimetajwa ni kupoteza fedha.

Katika kununua, ningelitafuta gari ambalo halijaguswa. Lenye mvuto mdogo, viti vilivyochakaa na rangi iliyofifia, lakini lenye mabomba yote ya mpira ya kiwandani mahali pake, ni bora kuliko lililokwisha kupambwa. Kutu ikaguliwe kabla ya injini, kwa kuwa injini hutolewa na kurudishwa, ila bodi iliyooza humaliza mradi. Kompresheni, yaani shinikizo la hewa inayogandamizwa ndani ya silinda, ipimwe injini ikiwa na joto, na vipimo vya silinda nne vikaribiane. Bomba la hewa litolewe mbele ya turbo ili shafti yake ichezeshwe kwa vidole: mchezo mdogo wa pembeni ni wa kawaida, lakini mapanga yakigusa ukuta, turbo hiyo ihesabiwe katika bei. Kwa matoleo, ningechagua ya kuanzia 1990 kuliko Volvo za miaka ya mapema ya 1980, kwa sababu hizo za zamani zinajulikana kwa waya za injini ambazo ganda lake humomonyoka, na pia konrodi (fimbo zinazounganisha pistoni na kranki) za injini za baadaye ni nene zaidi.

Sasa nifike kwenye kazi yenyewe, ambayo sehemu yake kubwa ni kurudisha afya ya gari kabla ya kuongeza chochote. Wengi huruka hatua hii, ndiyo maana wengi huishia kuuza gari likiwa vipande. Ningeanza na mfumo wa upumuaji wa injini. Kila injini hupitisha gesi kidogo pembeni mwa ringi za pistoni kuingia kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), na gesi hiyo lazima itoke. Katika B230FT hupitia kwenye kisanduku cha kutenganisha oili kilichofungwa kwenye bloku, chini ya manifoldi ya kuingizia hewa, kisha kwenye mipira inayoirudisha upande wa kunyonya. Miaka inapopita, kisanduku hicho na njia zake ndogo huziba kwa masizi ya oili. Gesi ikikosa pa kutokea, shinikizo ndani ya injini hupanda na kusukuma sili nje, kwanza za mbele na ya kamshafti, halafu ile kubwa ya nyuma ya kranki, ambayo haifikiki mpaka giaboksi iteremshwe. Mtu huona oili inavuja, akabadilisha sili, nayo ikavuja tena baada ya muda mfupi. Ugonjwa uko juu kwenye kisanduku, na unachokiona chini ni dalili. Kukibadilisha huchukua saa chache na kipuri chake si ghali. Kwa kujua kama njia imeziba, fungua kifuniko cha kuwekea oili injini ikinguruma na ukiweke juu ya tundu bila kukikaza: kikirukaruka kwa kusukumwa, njia haipumui.

Baada ya hapo ni mipira ya hewa. Gari hili hupima hewa inayoingia kwa kihisi kilichokaa karibu na chujio, na kompyuta huamua kiasi cha mafuta kwa kufuata hesabu hiyo. Hewa iliyokwisha kupimwa ikitoroka kwenye mpira uliopasuka kati ya turbo na manifoldi, mafuta yataendelea kumwagwa kwa hewa isiyofika, injini itatoa moshi mweusi na nguvu zitapungua palepale turbo inapoanza kusukuma. Mpira uliopasuka kabla ya turbo hufanya kinyume, kwa kuingiza hewa isiyohesabiwa. Ningeziba mdomo wa njia ya hewa, nikaingiza hewa ya kompresa kwa shinikizo dogo na kupaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Mapovu yatasema yenyewe. Kipimo hiki kimoja hutibu malalamiko mengi ambayo watu huyaelekeza kwenye turbo isiyo na hatia.

Rilei (swichi ya umeme) ya pampu ya mafuta nayo itajwe, kwa kuwa risasi ya kuungia ndani yake hupasuka kwa uzee, na gari likakataa kuwaka likiwa na joto kisha likawaka baadaye kama kwamba halina neno. Kuiunga upya ni kazi ndogo kwa mwenye chuma cha kuungia.

Kama kompresheni ni nzuri na maji hayachanganyiki na oili, sioni sababu ya kufungua silinda hedi kwa ajili ya hamu tu. Lakini ikilazimu, injini hii ni mwalimu mwema. Hedi ipelekwe kupimwa unyoofu wake na kusawazishwa, nyuso zisafishwe bila kukwaruzwa, na bolti zikaguliwe. Zilizoanza kuwa nyembamba katikati zitupwe. Kukaza hufanywa kwa hatua tatu, kwa mpangilio wa kuanzia katikati kwenda nje: niutoni mita 20, kisha 60, kisha mzunguko wa digrii 90. Spana ya kupimia nguvu ni lazima, wala haina mbadala. Turbo iliyofungwa upya au iliyo mpya isiwashwe kavu: bomba lake la oili lisafishwe au libadilishwe, kisha injini izungushwe kwa starta huku fyuzi ya pampu ya mafuta imetolewa, hadi oili ifike. Shafti ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika juu ya utando mwembamba wa oili, na sekunde chache bila utando huo zinatosha kuiharibu.

Ndipo zamu ya nguvu inapofika, na hapa gari hili hulipa vizuri. Turbo ya kiwandani husukuma takriban nusu ya bar (kipimo cha shinikizo; hewa ya kawaida ni karibu bar 1) juu ya hewa ya kawaida, maana yake silinda hupokea hewa ya karibu bar 1.5. Ukipandisha msukumo hadi 0.8, hiyo ni bar 1.8, yaani ongezeko la asilimia 20, na asilimia 20 juu ya farasi 165 hukuleta karibu na 200. Hesabu hiyo ni kweli tu iwapo hewa ya ziada haifiki ikiwa moto zaidi, kwa kuwa hewa inayogandamizwa hupata joto na hewa ya moto hupungua uzito. Kwa hiyo kipoza hewa kilicho mbele ya rejeta kiwe safi ndani na nje kabla ya kufikiria kikubwa zaidi. Ekzosi pana ya inchi 3 ndiyo ningeinunua kwanza, maana hupunguza shinikizo la moshi uliokwama nyuma ya turbo na kuifanya iamke mapema. Baadaye ndipo ningeweka vali ndogo ya mkono ya kudhibiti msukumo, ambayo muundo wake ni gololi na springi tu.

Kabla ya kuigusa vali hiyo, nafunga geji mbili: ya msukumo na ya kupima mchanganyiko wa hewa na mafuta. Injini ikiwa chini ya mzigo kamili, uwiano ukae karibu na 11.5 hadi 12 za hewa kwa moja ya mafuta. Ukianza kuelekea 13 na kuendelea, mguu utoke kwenye pedali. Mfumo wa EZK una kihisi kinachosikiliza kugonga na kurudisha nyuma muda wa cheche, nao umeokoa pistoni nyingi, ila si ruhusa ya kutumia mafuta hafifu. Zaidi kidogo ya farasi 200, nozeli za kiwandani na kihisi cha hewa hukaribia ukomo wao, na kuendelea mbele kunahitaji nozeli kubwa na kompyuta iliyoandikwa upya. Kwa mradi wa kwanza ningeishia hapo.

Kasoro za gari hili sizifichi. Lina uzito wa karibu tani moja na nusu na hulala kwenye kona. Shokamzoba mpya, bushi mpya na bomba nene zaidi la kuzuia kulala hubadilisha tabia yake sana, lakini halitakuwa jepesi kamwe. Breki za kiwandani zinatosha zikiwa nzima, nazo zishughulikiwe kabla ya turbo. Plastiki za ndani hukatika zikiguswa, na vipande vya urembo ni vigumu kupatikana kuliko vipuri vya injini.

Udhaifu ulio mkubwa uko kwenye giaboksi. Gia za otomatiki aina ya AW71 ni imara na hustahimili nguvu za kadiri zikibadilishiwa oili kwa wakati, ila hupunguza utamu wa turbo. Ile ya mkono aina ya M46 ina gia nne na gia ya ziada ya umeme, na hiyo ya ziada haipendi msukumo mkubwa, kwa hiyo iachwe imezimwa unapokanyaga. M90 ya gia tano, iliyokuja katika miaka ya mwisho ya uzalishaji, ndiyo yenye nguvu za kutosha, na atakayelipata 940 Turbo lenye giaboksi hiyo na bodi isiyo na kutu alinunue hata kama injini yake haiwaki.