Mama wa ubatizo: huduma ya parokia tunayoipa nyota nne kati ya tano

Mwanamke asiye na mtoto akieleza uchungu wake parokiani, mara nyingi anaelekezwa kwenye novena, kwenye maombezi, au kwa mwenzake aliyepata mtoto baada ya miaka kumi ya ndoa. Ni nadra aambiwe apite ofisini kwa katekista. Huko ndiko iliko huduma ambayo Kanisa Katoliki limeiweka mahususi kwa ajili ya kumlea mtoto kiroho, nayo ni usimamizi wa ubatizo, yaani kuwa mama au baba wa ubatizo wa mtoto wa mwingine. Tunaipa nyota nne. Huduma yenyewe ni kamili. Nyota ya tano inapotea kwa jinsi parokia zetu za Tanzania zinavyoiendesha.

Tuanze na masharti, maana hapo ndipo wengi wanajikatia tamaa bila sababu. Kanuni ya 874 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inataka msimamizi awe ametimiza miaka 16, awe Mkatoliki aliyepata Kipaimara (sakramenti ya kuimarishwa katika imani) na kupokea Ekaristi, awe na maisha yanayolingana na imani, asiwe chini ya adhabu ya Kanisa, na asiwe baba au mama wa mtoto huyo. Basi. Haisemi awe ameolewa, wala haisemi awe amezaa. Kanuni ya 873 inaongeza kwamba msimamizi anaweza kuwa mmoja, mwanamume au mwanamke, au wawili wa jinsia tofauti. Dada na wifi wanaokuja pamoja wakitaka wote wawili wawe mama wa ubatizo watarudishwa, kwa hiyo wakubaliane nyumbani mapema. Shangazi Mlutheri anaweza kusimama kama shahidi, mradi yupo na msimamizi Mkatoliki.

Lipo jambo moja linalowaumiza wanawake bure. Aliyeachwa kwa sababu hakuzaa, mume akaenda kuoa mwingine, hujihesabu kuwa ana kizuizi, na wanajumuiya, yaani waumini majirani anaosali nao, humthibitishia. Kuachwa si kizuizi. Kama hajaingia kwenye maisha ya unyumba na mwanamume mwingine, kule kuachwa hakumtoi kwenye Ekaristi, wala hakumzuii kusimamia mtoto. Swali hili alipeleke kwa paroko mwenyewe, asiliishie kwa mwenyekiti wa jumuiya.

Utaratibu wa ofisini si mgumu, ila unatofautiana kidogo kati ya parokia na parokia. Kwa kawaida utahitaji uthibitisho wa jumuiya ndogo ndogo unakosali, cheti chako cha ubatizo chenye kumbukumbu ya Kipaimara, na kuhudhuria mafundisho pamoja na wazazi. Anayetoka parokia nyingine aje na barua ya paroko wake. Kinachokwamisha watu zaidi ni hiyo barua, kwa sababu huombwa Ijumaa jioni wakati ubatizo ni Jumamosi asubuhi. Iombe wiki mbili kabla.

Siku yenyewe, msimamizi ana kazi halisi. Anaulizwa mbele ya watu kama yuko tayari kuwasaidia wazazi, na baada ya padre na wazazi naye huchora ishara ya msalaba kwenye paji la uso la mtoto. Kisha huja mshumaa, unaowashwa kutoka Mshumaa wa Pasaka. Kata duara la karatasi ngumu, toboa katikati, upitishe mshumaa. Bila hivyo nta ya moto itadondokea vazi jeupe au mkono wa mtoto, na picha zitajaa kilio. Ukizimwa, usiuache kanisani. Ufunge kwenye karatasi, uandike tarehe, na uwashwe nyumbani kwa mtoto kila mwaka siku hiyo ikirudi, mkisali naye.

Halafu kuna kitabu. Kanuni ya 877 inaagiza majina ya wasimamizi yaandikwe kwenye rejista ya ubatizo pamoja na ya mtoto na wazazi wake. Kwetu mwanamke hupewa jina la mtoto wake wa kwanza, akawa Mama Neema au Mama Joseph, na asiyezaa hubaki akiitwa kwa jina lake la usichana hadi uzeeni. Kwenye rejista ile jina lake linakaa mstari mmoja na la mtoto. Kipaimara na ndoa ya mtoto huyo navyo vitakuja kuandikwa hapo hapo. Kabla ya kuondoka, hakikisha herufi za majina yote ni sahihi na unakili namba ya ubatizo. Kosa la herufi moja leo litasumbua siku ya kuandikisha ndoa.

Sasa udhaifu. Cheti kikishatoka, parokia haimuulizi tena msimamizi amefikia wapi. Wazazi nao wengi huchagua mtu wa kununua gauni na kuchangia sherehe, kisha hawamtafuti tena. Anayetaka kulea kweli apange mwenyewe: aende mara moja kwa mwezi, saa moja, siku ambayo mama mzazi yupo. Mtoto wa miaka miwili anaweza ishara ya msalaba. Salamu Maria mfundishe sentensi moja moja, usiende ya pili kabla ya kwanza kukaa. Akianza mafundisho ya Komunio ya Kwanza, msikilize akisoma daftari lake kila Jumapili baada ya Misa. Watoto watatu au wanne wa ubatizo wanatosha. Zaidi ya hapo utakuwa unatuma zawadi tu.

Ada ya shule usiiahidi mbele ya mtoto. Ukiweza kusaidia, zungumza na wazazi, ulipe moja kwa moja shuleni. Na usishindane na mama mzazi: nguo, simu, safari ya likizo, vyote vipitie kwake kwanza. Uhusiano mwingi wa namna hii huvunjika kwa zawadi iliyotolewa kwa siri.

Kuna msemo tunaomba uachwe kabisa: "Simamia mtoto wa mwenzio, Mungu atakufungua." Unamgeuza mtoto kuwa dawa. Miaka ikipita bila ujauzito, mwanamke humwona yule mtoto kama ombi lililokataliwa, naye mtoto hulihisi hilo bila kuambiwa. Mtume Paulo, mwishoni mwa barua kwa Warumi, anamsalimu mama yake Rufo na kusema ni mama yake pia. Hakuna anayejua mama huyo alimtendea Paulo nini, ila Paulo alimtaja kama mwana anayetambua deni lake.

Asiyepata mtoto wa kumsimamia ajitolee kuwa mlezi wa Utoto Mtakatifu, shirika lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1843 ambamo watoto husali na kuchanga kwa ajili ya watoto wenzao. Walezi hawatoshi karibu kila mahali. Anayetaka mtoto akae kwake ajue kwamba usimamizi haumpi haki yoyote ya kisheria: malezi ya kambo hupitia Ustawi wa Jamii, na amri ya kuasili hutolewa na Mahakama Kuu, chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009.

Kanisa linapendelea aliyesimamia ubatizo asimamie na Kipaimara, kwa hiyo mkumbushe mzazi mapema jina lako liandikwe tena. Siku hiyo jina la mtoto liwe kwenye kipande cha karatasi, kwa herufi kubwa, askofu alisome bila kuuliza. Wewe simama nyuma ya mtoto, mkono wa kulia begani kwake, na usiuondoe mpaka aitikie "Amina".