TAHADHARI: Venia feki za Mitutoyo, mafundi wa kerezo msipigwe

Mafundi wenzangu, kuna jamaa anapita kwenye magrupu ya WhatsApp ya mafundi wa Dar akiuza venia za dijitali (vipimo vya taya vya kupimia unene na kipenyo) za Mitutoyo, kampuni ya Kijapani, kwa shilingi 85,000. Ni feki. Mimi ameshanipiga. Namba ya simu anabadilisha kila mara, kwa hiyo kariri bidhaa, usikariri namba.

Nilikuwa nachonga shafti ya pampu ya maji, inavaa beringi 6205. Tundu la beringi hiyo ni milimita 25, na shafti inatakiwa izidi kidogo mno, kati ya milimita 0.002 na 0.015, ndipo ibane. Najua, kazi ya namna hiyo ni ya maikromita, kipimo makini kuliko venia. Yangu jirani alikuwa ameiazima, na mteja kasimama mlangoni. Venia ikasoma 25.01, nikaridhika. Beringi ikaingia kwa kidole, inacheza kama pete ya mtu mwingine. Maikromita iliporudi ikasoma 24.95. Chuma kikishaliwa na kisu hakirudi. Kingine nimenunua kwa hela yangu.

Mitutoyo halisi ya sentimita 15, ile ya 500-196, ina mfumo wa Absolute. Ukiizima, ukaisogeza, ukaiwasha, inajua ilipo kutoka kwenye sifuri uliyoiweka. Yangu inawaka na 0.00 popote taya zilipo, ingawa neno Absolute limeandikwa usoni kwa herufi nzuri kabisa. Betri nayo ilikufa wiki ya tatu, wakati ya kweli hukaa miaka.

Jaribu hilo la kuzima na kuwasha mbele ya muuzaji, kabla hujatuma hela. Funga taya, zielekeze kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapenya, rudisha. Halafu pima kitu unachokijua ukubwa. Kama huna bloku za kupimia (vipande vya chuma vya ukubwa kamili), nenda na beringi mpya ya 6205 kutoka duka unaloliamini (maana nazo zina feki zake): kipenyo cha nje ni milimita 52. Pima kwenye ncha za taya, kisha ndani karibu na mwili. Namba zikipishana zaidi ya 0.02 au 0.03, achana nayo.

Kama mfuko hauruhusu, bora venia ya Kichina iliyoandikwa jina lake yenyewe kuliko inayojificha kwenye jina la Mjapani. Binafsi nimerudi kwenye ya mtumba ya kusoma kwa macho. Haina betri, na ikichakaa unaihisi mkononi.

Nilipomlalamikia jamaa aliniambia nibadilishe betri. Nilipomtumia picha ya maikromita, akanibloku. Juzi nimeona picha zake zilezile, hadi kitambaa chekundu cha chini, kwenye grupu la mafundi wa Mwanza. Huko anauza 95,000.