Godoro Kwanza, Mfuko wa Kulalia Baadaye: Vifaa vya Kupanda Miamba Ugenini Wakati wa Baridi kwa Bajeti Ndogo

Karibuni, watazamaji. Katika video hii ninachambua vifaa vya safari ya kupanda miamba katika nchi ya kigeni wakati wa baridi, kwa mtu ambaye akishalipa nauli hana kingi cha kutumia. Sizungumzii kupanda barafu wala vilele vya theluji. Nazungumzia miamba mikavu iliyokwisha kutobolewa na kuwekewa nanga za chuma, katika maeneo kama Leonidio nchini Ugiriki, Geyikbayırı nchini Uturuki au Siurana nchini Hispania, ambako wapandaji humiminika katika miezi ya baridi kwa sababu jua la mchana linatosha kuupasha ukuta unaoelekea kusini, ingawa usiku watu hutetemeka. Hapa mezani pana magodoro mawili, mifuko miwili ya kulalia, jaketi, mtungi wa gesi na kamba. Nembo nimezifunika kwa makusudi, kwa kuwa ninachotaka mkitazame ni aina ya kifaa na jinsi kinavyofanya kazi.

Msimamo wangu nautoa mapema. Msafiri mwenye fedha kidogo hapotezi siku zake za kupanda kwa sababu viatu vyake ni vya bei ya chini. Huzipoteza kwa sababu usiku hakulala na mchana vidole vilikufa ganzi kabla zamu yake haijafika. Kwa hiyo fedha ziende kwanza kwenye vitu vinavyomhifadhia joto akiwa ametulia, na katika hivyo wa kwanza ni godoro, ambalo wengi hulinunua mwisho kwa chenji iliyobaki.

Tazameni kwa karibu. Huu ni mfuko wa kulalia uliojaa hewa vizuri, nao umetuna kama mkate uliotoka jikoni. Sasa nauegemea kwa kiwiko, na mnaona kwamba kitambaa cha juu na cha chini vinakaribia kugusana. Hivyo ndivyo mgongo wako unavyoufanyia usiku kucha. Kinachokinga joto ndani ya mfuko ni hewa iliyonaswa kati ya manyoya au nyuzi, na ukishaikamua kwa uzito wa mwili, upande wa chini haubaki na kinga ya maana. Kuanzia hapo ardhi inakunyonya joto moja kwa moja, na kilicho kati yenu ni godoro peke yake.

Uwezo wa godoro kuzuia joto lisipotee hupimwa kwa kipimo kiitwacho R. Zamani kila mtengenezaji alipima kwa njia yake, lakini tangu kilipotoka kiwango cha ASTM F3340 mwaka 2018, namba za magodoro yaliyopimwa kwa kiwango hicho zinaweza kulinganishwa bila wasiwasi. Hili la povu, lenye vishimo kama trei ya mayai, lina R ya karibu 2. Godoro la kupuliza lisilo na kitu chochote ndani isipokuwa hewa ni dhaifu zaidi ya hapo, hata likiwa nene kiasi gani, kwa sababu hewa iliyo huru kuzunguka hubeba joto lako na kulipeleka chini. Kwa baridi inayogusa kiwango cha kuganda mimi hutaka jumla ya 4 au zaidi. Habari njema kwa mwenye fedha kidogo ni kwamba namba hizi hujumlishwa: povu lenye 2 likitandikwa chini ya godoro la kupuliza lenye 3, unalalia 5, na vyote viwili kwa pamoja huweza kugharimu pungufu kuliko godoro moja la kifahari la msimu wa baridi. Isitoshe, povu halitoboki. Kwenye kambi zenye miiba na kokoto kali za mawe ya chokaa, hiyo ni sifa ninayoithamini kuliko ulaini.

Kasoro ya povu ni ukubwa wake, na mashirika ya ndege ya nauli nafuu hayapendi vitu vinavyoning'inia nje ya begi. Lisimamishe ndani ya begi likiwa limejiviringa kama bomba, kisha panga vitu vingine vyote katikati yake. Begi litasimama wima, na helmeti itapata ukuta wa kuikinga.

Tuje kwenye mfuko wa kulalia. Mfuko uliopimwa kwa kiwango cha ISO 23537, kilichochukua nafasi ya kile cha Ulaya cha EN 13537, huwa na namba tatu za joto: ya kulala kwa starehe, ya ukomo, na ya hatari. Wauzaji wengine hupenda kukuza kwa maandishi manene ile iliyo chini kuliko zote, na hapo ndipo mnunuzi anapoumia. Namba ya hatari haihusiani na usingizi hata kidogo. Inakadiria hali ambayo mtu anaweza kustahimili kwa saa 6 bila kufa, ingawa mwili unaweza kuzidiwa na baridi. Nunueni kwa kuangalia namba ya starehe. Na kumbukeni kwamba namba hizo hutolewa na sanamu yenye vipimajoto, iliyovikwa nguo za ndani na kulazwa juu ya godoro. Asiye na godoro la maana, basi, hata ile namba aliyoilipia hatoipata.

Kabla ya kuamua namba ipi inakufaa, usisome utabiri wa mji wa pwani ulio karibu. Joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo kambi iliyo mita 800 juu ya mji huwa na baridi zaidi kwa nyuzi 5 hivi. Kuna tofauti moja tu: usiku mtulivu usio na mawingu, hewa nzito ya baridi huteremka na kutuama bondeni, na hema lililopigwa juu kidogo ya sakafu ya bonde huwa na nafuu.

Kati ya mifuko hii miwili, wa kushoto ni wa manyoya laini ya bata na wa kulia ni wa nyuzi za sintetiki. Manyoya ni mepesi na hujikunja padogo, lakini yakilowa husinyaa. Nyuzi hustahimili unyevu vizuri zaidi, ila hujaza begi. Mpya kwa mpya, mwenye bajeti ndogo atasukumwa kwenye nyuzi, na si chaguo baya. Lakini nikiulizwa kuhusu mitumba, jibu langu linageuka. Mfuko wa manyoya uliotumika, ukifuliwa kwa sabuni yake na kukaushwa polepole mpaka madonge yote yaachane, mara nyingi hurudia unene wake, ilhali nyuzi zilizokandamizwa miaka na miaka zimekwisha kuvunjika na hakuna dobi atakayezifufua. Ukiukagua mtumba, uinue kwenye mwanga: chumba kinachopitisha nuru kimepoteza manyoya yake.

Jaketi la kumshikia mwenzako kamba nalipa dakika zake pia. Liwe pana kiasi cha kuvaliwa juu ya kila kitu ulichonacho, kofia yake ifunike helmeti, na zipu yake ifunguke kutoka chini vilevile. Hiki kitelezi cha pili ndicho ninachokikagua kabla ya rangi na mifuko, kwa sababu bila hicho utalazimika kulifungua jaketi lote kifuani ili kifaa cha kamba kiunoni kibaki wazi. Hapa nachagua nyuzi bila kusita, maana vumbi la chaki ya kukausha viganja na msuguano wa kamba havina huruma na manyoya. Tena wawili wanaopanda pamoja wanaweza kutumia jaketi moja kubwa, kwa kuwa anayesimama ni mmoja tu kwa wakati mmoja, na anayelipokea hulikuta limekwisha kupashwa joto.

Viatu vya kupandia ulivyonavyo vinatosha. Baridi ya wastani husaidia mshiko kwa sababu vidole havitoki jasho. Ikizidi, mpira wa kiatu hukakamaa, nawe viweke kifuani ndani ya jaketi mpaka zamu yako.

Kuhusu jiko, mtungi wa gesi haupandi ndege, si kwenye begi la mkononi wala lile la kukabidhi, hivyo hununuliwa ukishafika, na kabla ya kusafiri hakikisha aina ya vali inayopatikana huko inaingiana na jiko lako. Usichukue mtungi wa bei rahisi bila kusoma kilichomo. Butani ya kawaida huacha kugeuka mvuke inapokaribia nyuzi 0.5 chini ya sifuri, na asubuhi yenye umande ulioganda jiko litakohoa tu. Isobutani hufanya kazi hadi karibu nyuzi 12 chini ya sifuri, propani hadi 42, na mchanganyiko wa hizo mbili ndio unaofaa.

Kamba ya mita 70 yenye unene wa milimita 9.8 huwa na uzito wa zaidi ya kilo 4, hivyo wenzi wawili wachukue moja tu: mmoja abebe kamba, mwingine abebe karabina zote, yaani zile pete za chuma za kunasia kamba. Kamba iliyotiwa dawa ya kuzuia maji si lazima kwenye mwamba mkavu; okoeni fedha hiyo, mradi kamba itandazwe juu ya turubai na si kwenye nyasi zenye barafu. Kwenye kamba na hanesi, yaani mikanda ya kiunoni na mapajani inayofungwa kamba, sikubaliani na mitumba ya mtu usiyemjua, kwani historia ya kitambaa haionekani kwa macho. Mwenye kamba ya mita 60 anaweza kusafiri nayo bila kununua nyingine, ila apekue kitabu cha mwongozo wa eneo anakokwenda: kamba hupanda hadi juu na kurudi, hivyo kwenye njia inayozidi mita 30 haitamteremsha hadi chini, na fundo liwe kwenye ncha ya pili kila mara, hata kwenye njia fupi.