Hedi ipi ununue kwa 4A-GZE yenye supachaja, na uichonge wapi

Kwenye Toyota 4A-GZE, ile injini ya cc 1,587 ya gari la MR2 AW11, supachaja ya SC12 (pampu inayozungushwa na injini) ndiyo inayosukuma hewa ndani. Kupanua tundu la kuingizia kunakuletea kidogo sana. Penye msongamano ni upande wa ekzosi: moshi mwingi zaidi unatoka kwenye valvu zilezile za milimita 25.5. Nunua hedi (kichwa cha injini chenye valvu na matundu yake) ukilijua hilo.

Chaguo la kwanza ni hedi ya GZE yenyewe, iliyotumika lakini nzima. La pili ni hedi ya 4A-GE (injini hii bila supachaja) ya valvu 16 yenye matundu madogo, iliyoanza kutoka 1987. Kabla ya kulipa, laza gasketi ya menifoldi yako (mabomba ya hewa yanayofungwa kwenye hedi) juu yake uone kama matundu yanaoana. Yenye matundu makubwa ni ya tatu: Toyota wenyewe waliifungia TVIS (vilango vinavyoziba nusu ya njia za kuingizia) kwa sababu hewa yake huenda polepole kwenye mizunguko ya chini. Ya valvu 20 iache. Valvu yake ya ziada iko upande wa kuingizia, ambako supachaja imeshamaliza kazi, na itakudai pistoni na menifoldi nyingine.

Hedi iliyowahi kuchemka ndiyo inayowaliza wengi. Weka rula ya chuma kona kwa kona na upitishe fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia pengo) chini yake. Pengo la mwisho ni milimita 0.05. Halafu toa bakuli za valvu (vikombe kati ya kemu na valvu), funga kemu (shafti zinazofungua valvu) na vifuniko vyake, uzungushe kwa mkono. Ikikaza mahali fulani, hedi imepinda mpaka juu, na kuisaga chini hakutanyoosha njia ya kemu. Irudishe. Tafuta pia nyufa kati ya siti za valvu (pete ambazo valvu hukalia zikifunga), kisha mimina mafuta ya taa kwenye matundu: yakivuja chemba, bei ishuke.

Uchongaji uanzie ekzosi. Ondoa ukingo ulioachwa na kiwanda chini ya siti, lainisha nyuma ya gaidi ya valvu (mrija unaoongoza shina lake), ulinganishe mdomo na gasketi bila kupanua njia nzima. Sakafu ya kona usiiguse. Moshi unageukia hapo. Upande wa kuingizia msasa namba 80 unatosha. Siti iwe na upana wa milimita 1.0 hadi 1.4, na ya ekzosi ikaribie 1.4, maana valvu hupoa kupitia hapo.

Springi nunua mpya. Valvu ya kuingizia ya milimita 30.5 ikisukumwa nyuma kwa bar 0.7 inabeba kama kilo 5, na springi iliyochoka haiirudishi kwa wakati.

Kusaga uso wa chini kuna gharama. Kwenye GZE ya mgandamizo wa 8.9:1, kila silinda ina takriban cc 50 juu ya pistoni. Ukipoteza 2 tu, unafika 9.2:1, na supachaja ikipata joto injini inaanza kugonga, yaani mafuta yanalipuka ovyo kwenye silinda. Usifidie kwa gasketi nene, kwa sababu nafasi pembeni mwa chemba inakua na kugonga kunazidi.

Boliti 10 kaza kuanzia katikati: Nm 29, nyuzi 90, nyuzi 90 tena. Siti zikishasagwa, valvu hupanda kuelekea kemu, hivyo pima upya pengo kati ya kemu na bakuli injini ikiwa baridi: kuingizia milimita 0.15 hadi 0.25, ekzosi 0.20 hadi 0.30. Tenga pesa ya shimu nyembamba (vibamba vya kurekebisha pengo hilo) tangu mwanzo.