Programu za Kurekodi Gemu na Kupima Fremu: Ipi Ulipie, Ipi Uachane Nayo

Kuna kijana wa Section 58 hapa Nakuru aliyenijia na flashi mkononi, sura ya msiba. Alikuwa amerekodi mechi nzima, dakika za nyongeza na penalti, kisha mvua ikaja na stima zikapotea. "Kaka, hii faili inakataa kufunguka." Haijafunguka mpaka leo. Ilikuwa MP4, na MP4 ya kawaida huandika orodha yake ya ndani mwishoni, unapobonyeza kusimamisha. Stima zikienda kabla ya hapo, unabaki na gigabaiti za takataka. MKV, aina nyingine ya faili ya video, ingemwachia karibu kila kitu mpaka ile sekunde ya giza.

Kwa hivyo mtu akiniuliza anunue programu gani, mimi humuuliza kwanza ana mashine gani na kwao stima zinakaaje.

Ya kwanza kwa kurekodi: OBS Studio. Ni ya bure, haina alama kwenye video wala kikomo cha dakika, na inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Wengi wetu tunatumia mashine za mitumba kutoka Uingereza, zile HP na Dell ndogo zenye i5 ya kizazi cha sita, na hapo ndipo watu hukosea. Wanaacha OBS kwenye x264, inayobana video kwa kutumia prosesa, na prosesa ya viini vinne inabeba gemu na video kwa pamoja, gemu inaanza kukwama, kisha wanaitukana programu. Ingia kwenye mipangilio ya kurekodi uchague QuickSync ya Intel, inayobana video kwa grafiki badala ya kuisumbua prosesa, au NVENC, inayofanya kazi hiyo hiyo, kama una kadi ya NVIDIA inayoiweza. Ukichomeka kadi ya grafiki na QuickSync ikatoweka kwenye orodha, angalia BIOS, mipangilio ya kompyuta inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Mara nyingi grafiki ya Intel imezimwa tu. Halafu weka MKV. Ukimaliza, menyu ya File ina Remux Recordings, inayoigeuza kuwa MP4 bila kugusa ubora.

Kwa megabiti 10 kwa sekunde, saa moja hula takriban gigabaiti 4.5. Kama una pesa ya kutumia, nunua diski ya pili.

Jambo moja kuhusu OBS linawapoteza wengi: ile namba ya fremu (picha kwa sekunde) iliyo chini ya dirisha ni ya video inayorekodiwa. Gemu inaweza kuwa inajikokota kwa fremu 24 na OBS ikaendelea kukuandikia 60. Kwa kupima unahitaji kitu kingine.

Ya kwanza kwa kupima: MSI Afterburner pamoja na RivaTuner, mwenzake anayeandika namba kwenye skrini. Usitishwe na jina, kadi yako si lazima iwe ya MSI. Inakuonyesha fremu, joto la kadi na mzigo wa prosesa juu ya gemu yenyewe, bure. Ishushe kwenye tovuti ya MSI tu, maana tovuti bandia zenye jina hili zimewahi kusambaza virusi. Gemu nyingine za mtandaoni zenye ulinzi mkali huikataa, kwa hivyo izime kabla ya kuingia huko.

Unayetaka kulinganisha mashine mbili kwa haki, ongeza CapFrameX, nayo ni ya bure. Inachora muda wa kila fremu. Fremu 60 kwa sekunde maana yake kila moja imechukua milisekunde 16.7, ikitokea moja ya milisekunde 100, jicho litaiona, lakini wastani utaificha. Tazama ile asilimia 1 ya chini, yaani kasi ya fremu zile za polepole kabisa. Mashine yenye wastani wa 70 inayoporomoka hadi 20 kila kona, mimi siichukui hata nikipunguziwa bei.

Ya pili kwa kurekodi: ile uliyo nayo tayari. Windows 10 na 11 zina Xbox Game Bar. Win na G huifungua, Win na Alt na R huanza kurekodi, na ina kidirisha cha fremu. Haina mipangilio mingi, lakini kwa anayeanza inatosha. Wenye kadi za NVIDIA wana ShadowPlay, inayoweza kuhifadhi dakika chache zilizopita baada ya goli kuingia, raha tupu. Ila angalia kabla ya kununua kadi: GT 1030, inayopendwa kwa sababu inaingia kwenye mashine ndogo, haina NVENC, na ShadowPlay haitafanya kazi. RX 6400 ya AMD nayo haina sehemu ya kurekodi.

Ya tatu: Bandicam. Hii ndiyo ya kulipia. Ni nyepesi na rahisi kutumia, lakini toleo la bure huishia dakika 10 na kuacha jina lake juu ya video. Ingekuwa na maana kama OBS isingekuwepo.

Ya mwisho: Fraps. Wazee wa gemu tunaiheshimu, ile namba ya njano kwenye kona ndiyo iliyotufundisha kuhesabu fremu. Lakini toleo lake la mwisho, 3.5.99, lilitoka 2013. Haielewi DirectX 12 wala Vulkan, njia ambazo gemu za siku hizi hutumia kuchora picha, faili zake ni kubwa ajabu, na toleo la bure hurekodi sekunde 30 tu. Hata hivyo bado kuna wanaoiuza kwenye flashi kama "full version". Yule kijana wa Section 58 alinunua moja kwa shilingi 500, na antivirasi ikaanza kulia kabla hajaifungua.

Siku hizi anarekodi kwa OBS, QuickSync, MKV. Stima zimempotea mara mbili tangu hapo na video zote anazo. Penalti zenyewe ndizo bado anakosa.