Safu ya ukubwa maalumu au orodha inayopanuka?

Katika Java, lugha ya kuandikia programu, ukiandika new int[5] umetengeneza safu (array) ya namba kamili, na umeshaamua: nafasi ni 5 tu, zenye namba 0 hadi 4. Ukigusa namba 5, programu inakatika kwa kosa. ArrayList, ile orodha inayopanuka, haikubani hivyo; unaita add, amri ya kuongeza kitu, nayo inajitanua yenyewe.

Inajitanuaje? Wanafunzi wengi hawaelezwi, na inasikitisha. Ndani yake mna safu ya kawaida kabisa. Ikijaa, hutengenezwa nyingine kubwa zaidi, kwa kawaida mara moja na nusu, kisha vyote vilivyomo vinanakiliwa humo. Kwa hiyo kuongeza mwishoni ni kazi nyepesi karibu kila mara, lakini kuingiza kitu mwanzoni kunasukuma vingine vyote hatua moja mbele.

Safu hubeba int, yaani namba kamili tupu, moja kwa moja. ArrayList hudai Integer, yaani namba hiyo ikiwa imefungwa ndani ya kitu (object), hivyo hula kumbukumbu zaidi.

Siku 7 za wiki, miraba 64 ya sataranji: tumia safu. Majina ambayo mtumiaji bado anayaingiza: ArrayList, bila kusita. Anayeanza ningemfundisha safu kwanza, kwani ndiyo iliyojificha ndani ya ile nyingine.